Fidia ya ajali ya gari Kenya: pesa inatoka wapi, na nani anakata fungu njiani

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Wakili, nitapata ngapi?" Silichukii hata kidogo. Mtu ana chuma kwenye paja, hajafanya kazi tangu ajali, mwenye nyumba anabisha hodi kila mwisho wa mwezi. Ana haki ya kuuliza. Ila kiasi kinachotajwa na hakimu ni jambo moja na pesa itakayomfikia majeruhi ni jambo jingine. Hapo katikati ndipo wengi wanapoumizwa mara ya pili, na mara hii si na gari.

Tuanze na mlipaji. Kila gari linalotembea barabarani Kenya lazima liwe na bima ya mtu wa tatu, kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 405. Mtu wa tatu ni wewe: abiria wa matatu, mama aliyekuwa akivuka barabara, mwendesha bodaboda aliyegongwa na lori. Dereva mwenye makosa hamo. Mwenye gari naye, kwa majeraha yake mwenyewe, hamo. Hao wawili wanahitaji bima ya ajali binafsi.

Kuna kundi lingine ambalo huniuma kila linapofika ofisini: watu waliopewa lifti. Sheria inalazimisha bima kwa abiria wanaolipa nauli au wanaobebwa kwa sababu ya mkataba wao wa kazi. Jirani uliyempakia bure kwenye gari lako la nyumbani hayumo katika ulazima huo. Kampuni nyingi hukubali kuongeza kipengele cha abiria, lakini ni juu yako kuangalia kama kimo. Ukiwa na gari, itoe hati yako ya bima usiku huu, uisome sehemu hiyo kabla hujampakia mtu mwingine.

Kisha kuna kikomo. Bima hiyo ya lazima hulipa mpaka shilingi 3,000,000 kwa mtu mmoja, basi. Kwa mkono uliovunjika kiwango hicho hakifikiwi. Kwa jeraha la uti wa mgongo au la kichwa hupitwa haraka, na kinachozidi hudaiwa kwa mwenye gari mwenyewe. Ndiyo maana katika majeraha makubwa nachunguza mwenye gari ana mali gani, tangu mwanzo.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kampuni ya bima haishtakiwi kwanza. Unamshtaki dereva na mwenye gari. Ukishinda, kampuni inawajibika kulipa hukumu, mradi iliarifiwa kwamba kesi ipo. Mimi hupeleka barua ya taarifa kabla sijafungua kesi, nikahakikisha nakala yangu imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Karatasi hiyo moja ndiyo itakayoulizwa kampuni ikikataa kulipa, maana hapo utalazimika kufungua kesi ya pili, ya kuiomba mahakama itamke kwamba kampuni ina wajibu.

Na sababu za kukataa hazikosi. Utaambiwa matatu ilikuwa imejaza kupita kiasi, au gari lilikuwa bovu, au mwenye gari alichelewa kuripoti ajali. Sikiliza vizuri: hayo ni baina ya kampuni na mteja wake. Sheria hairuhusu yatumiwe kumnyima haki majeruhi. Abiria aliyekaa kwenye kiti cha ziada hakuandika mkataba wa bima, na hawezi kubebeshwa makosa ya mkataba huo.

Karatasi

Kesi nyingi dhaifu nilizoziona zilidhoofika katika wiki za kwanza, pale kituo cha polisi na pale hospitalini.

Abstrakti ya polisi, yaani muhtasari wa ripoti ya ajali unaopewa na kituo, ndiyo mama wa karatasi zote. Ukiipokea, usiikunje ukatia mfukoni. Simama papo hapo kwenye kaunta uisome: nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), tarehe na mahali pa ajali, nambari ya gari herufi kwa herufi, jina la mwenye gari, jina la dereva, kampuni ya bima, nambari ya cheti cha bima na tarehe zake za kuanza na kwisha. Kisha jina lako, kama lilivyo kwenye kitambulisho. Nimeshika abstrakti ambayo herufi B ya nambari ya gari iliandikwa D, na gari lililotajwa likawa la mtu ambaye hajawahi kufika barabara ile. Afisa akiwa mbele yako, kosa hilo hurekebishwa kwa dakika chache. Mwaka mmoja baadaye afisa amehamishwa, na wakili wa upande wa pili amekwishaliona.

Halafu fanya utafutaji wa umiliki NTSA, mamlaka ya uchukuzi na usalama barabarani inayosajili magari. Matatu huuzwa na kuuzwa tena bila jina kubadilishwa, na Sheria ya Trafiki inamchukulia aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine. Tunawashtaki wote wawili, aliyesajiliwa na anayelimiliki kwa vitendo, wao wakasukumane huko mahakamani.

Hospitalini, dai maandishi ya matibabu tangu siku ya kwanza, na fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha yako, ijazwe. Gharama ulizotoa mfukoni lazima zitajwe kwenye madai na zithibitishwe kwa risiti. Hakimu hawezi kukisia. Ukilipa kwa M-Pesa, bado omba risiti. Fidia ya maumivu ni tofauti: hakimu huangalia kesi zilizopita zenye majeraha yanayofanana, kwa hiyo ripoti ya daktari inayosema "majeraha ya tishu laini" na inayosema "kuvunjika mfupa wa paja, ulemavu wa kudumu" ziko mbali sana kwa bei. Kampuni ya bima itataka daktari wake akupime pia. Nenda, na mweleze yaleyale uliyomweleza wa kwanza.

Ada ya wakili

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Mgonjwa bado ana dripu mkononi, anatokea kijana mwenye faili. "Mama, usiwe na wasiwasi. Hulipi kitu. Tukishinda, tunachukua asilimia 30 tu." Wadi nzima inasikia, na mama anatia sahihi kwa mkono usioumia.

Mapatano hayo ni batili. Sheria ya Mawakili ya Kenya, kifungu cha 46, inakataa makubaliano ya wakili kulipwa pale tu kesi itakaposhinda, na inakataa pia ada inayopanda au kushuka kulingana na kushinda au kushindwa. Kutafuta wateja kupitia mawakala wanaozunguka hospitalini nako ni kosa. Wakili anaweza kukubali kungoja, akatoa bili mwishoni. Hilo halina ubaya. Lakini bili hufuata jedwali la ada za mawakili, na makubaliano ya ada yanataka kuandikwa na wewe utie sahihi.

Tufanye hesabu. Tuseme hakimu amempa abiria 400,000 kwa maumivu na 36,550 kwa gharama zilizothibitishwa, jumla 436,550. Hakufunga mkanda, kwa hiyo amebebeshwa asilimia 20 ya lawama. Inabaki 349,240. Juu ya hiyo, aliyeshindwa huamriwa kulipa gharama za kesi, ambazo ni fungu la pembeni; tuziweke 80,000 za ada. Kwa jedwali la mahakama za chini, ada baina ya wakili na mteja wake ni ile ya jedwali ikiongezwa nusu, yaani 120,000. Elfu 80 zimekwishalipwa na upande wa pili. Zimebaki 40,000, na VAT ya asilimia 16 juu ya 120,000, ambayo ni 19,200. Kwa hiyo kwenye fidia ya mteja zinatoka 59,200.

Sasa mtazame yule wa asilimia 30. Anakata 104,772 kwenye fidia, na zile 80,000 za upande wa pili anakaa nazo pia. Mteja wala hajui kwamba zilikuwapo.

Kwa hiyo unapokaa na wakili mara ya kwanza, muulize gharama zitakazolipwa na upande wa pili zitahesabiwaje kwenye bili yako, na umwambie aliandike jibu. Pesa ya fidia ikitoka lazima ipitie akaunti ya wateja, si akaunti yake mwenyewe, na una haki ya kupewa hesabu kamili. Bili ukiiona nzito, omba ichanganuliwe na ihakikiwe na afisa wa mahakama. Akikaa na pesa zako, iko Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili.

Malipo nje ya mahakama si mabaya, na kesi nyingi huishia hivyo. Ila kampuni haitoi hundi mpaka utie sahihi hati ya kufunga madai, na ukishatia, umefunga. Usiisaini kabla daktari hajasema mfupa umeunga au kama kuna upasuaji mwingine mbele. Chuma cha pajani kitahitaji kutolewa siku moja, na gharama hiyo ya baadaye lazima iwe ndani ya madai ya sasa.

Kuhusu muda: una miaka 3 tangu siku ya ajali kufungua kesi. Gari likiwa la serikali, ni miezi 12 tu, na hapa watu hupoteza haki yao wakingoja ahadi. Aliyeumia akiwa kazini ana njia nyingine ya kumdai mwajiri chini ya Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007, na hiyo haimzuii kumfuata mwenye gari lililomgonga. Kwa mtoto, mzazi asidhani kwamba miaka itaanza kuhesabiwa mtoto akitimiza 18. Aliyekuwa chini ya uangalizi wa mzazi wake anaweza kuhesabiwa miaka 3 ileile, kwa hiyo mzazi afungue kesi kwa niaba yake sasa. Fidia yake kwa kawaida huwekwa benki mpaka atakapokuwa mtu mzima, na mzazi mwenye haja ya kweli, kama karo au matibabu, anaweza kuiomba mahakama iruhusu sehemu itolewe.