Mshindi si neno la Kiarabu

Bonanza jingine Mtwara mjini, na mshereheshaji mwingine kashika kipaza sauti kuwatangazia watu kwamba "mshindi" ni neno tulilopewa na Waarabu. Makofi yakapigwa. Nafundisha sarufi ya Kiswahili, na nimelisahihisha hili vijiweni, kwenye mahafali, hata msibani. Safari hii naliandika kabisa.

Kitenzi ni shinda. Kinaishia na -a, sawa na piga, lima na cheza. Vitenzi vilivyotoka Kiarabu kwa kawaida huishia na irabu nyingine: fikiri, jibu, samehe. Anayetaka Kiarabu katika habari za ushindi achukue fuzu. Hilo kweli ni la huko, nalo tunalisikia kila timu inapovuka hatua. Shinda ni la Kibantu, jamaa moja na Kimakonde, Kimwera na Kiyao tunavyovisikia hapa kila siku. Tuendelee.

Kinachoniuma zaidi ni irabu ya mwisho, maana hapo watu wanapita mbio. Mshindi ana -i, na hiyo -i ni ya mtenda: mpishi anapika, mwizi anaiba, mlevi amelewa kwa hiari yake. Ukiiondoa ukaweka -e, mambo yanapinduka. Mtume ni aliyetumwa. Mteule ni aliyeteuliwa. Na mshinde ni aliyeshindwa. Neno hilo lipo, ni zuri, na linakufa mikononi mwetu. Niliwahi kuandika "mshinde" katika makala, mhariri akadhani nimekosea chapa, akaweka "mshindi". Asubuhi yake wasomaji wakakuta timu iliyofungwa ndiyo imebeba kombe! Sasa tunasema "aliyeshindwa", "aliyepoteza", na wengine wanakopa kabisa, wakati herufi moja ilikuwa inatosha.

Chukua fainali ya Kombe la Shirikisho ya 2020, pale Sumbawanga. Simba 2, Namungo ya Ruangwa 1. Simba mshindi, Namungo mshinde, na wote wawili washindani, kwa sababu kushindana kuna -an- ya kutendana. Mtu hashindani peke yake. Lugha iliyopanga haya yote kwa viambishi vyake haikuhitaji kuazima neno la kumwita anayebeba kombe.

Kuhusu asili ya maana yenyewe, nina mtazamo wangu. Lindi ni nchi ya ufuta, na ufuta unashindikwa: unakandamizwa kinuni mpaka mafuta yatoke. Gunia nalo linashindiliwa, unalisukuma kwa mikono na magoti mpaka likaze. Mimi naona ukoo mmoja hapo, kukandamiza kitu mpaka kisalimu amri, na ndiko ninakoamini kumshinda mtu kulikotokea. Hata hivyo siwezi kuliapia. Ipo pia shinda ya kukaa mchana kutwa, tunayoulizana jioni, "umeshindaje?", na kuiingiza hiyo katika ukoo wa kukandamiza ni kulazimisha. Anayekwambia zote ni neno moja bila wasiwasi, mwombe ushahidi.

Kuna na jambo ambalo vitabu vya shule vinalipita kimyakimya. Linda inatoa mlinzi. Penda inatoa mpenzi. Hiyo -i inageuza nd kuwa nz. Kwa kanuni hiyo shinda ingetupa "mshinzi", na hakuna anayesema hivyo. Watu wa Lamu husema utendi pale ambapo sisi wa kusini tunasema utenzi, kwa hiyo mshindi huenda alishuka na lafudhi ya kaskazini. Au aliundwa baadaye, kanuni ikiwa imeshachoka. Naegemea hili la pili, lakini kwa wepesi, na mwanafunzi akinibana nitamwachia nafasi ya kubisha. Asichoweza kunibishia ni kwamba vuta nikuvute hii ya nd na nz ni ya Kibantu tupu, na Kiarabu hakimo.