Je, wajua? Kufikiri kulianza kwa kutafuta pa kwenda

Ukitaja akili watu wengi wanawaza binadamu, labda na nyani, lakini chimbuko lake liko mbali kuliko hapo, kwa viumbe ambao hata ubongo hawana.

Chukua bakteria E. coli, huyu anayeishi matumboni mwetu. Urefu wake ni kama maikromita 2 tu, yaani ukipanga 500 kwenye mstari ndo unapata milimita moja. Ana vimikia vinavyozunguka, vikizunguka upande mmoja anaenda mbele moja kwa moja kama sekunde hivi, baadhi vikigeuza anabiringika halafu anaelekea kokote kule, hana usukani kabisa. Sasa chakula anakipataje? Anapima chakula kilichopo sasa hivi afu analinganisha na kile cha sekunde chache zilizopita, kama kinaongezeka anachelewa kubiringika, kama kinapungua anabiringika mapema. Kumbukumbu hiyo iko kwenye protini za kuhisi, ambazo zinabandikwa na kubanduliwa vipande vidogo vya kemikali. Seli moja tu, inahisi, inakumbuka, inaamua! Kwangu mimi hapo ndo mwanzo wenyewe.

Kuna kiumbe wa baharini anaitwa tunikata, akiwa mkubwa anaonekana kama kifuko kilichogandia kwenye mwamba kinachuja maji. Utotoni anaogelea kama kiluwiluwi, ana mkia, ana kidoa cha kuhisi mwanga na kaubongo kadogo. Akishapata pa kukaa anajigandisha kwa kichwa, mkia unayeyushwa na sehemu kubwa ya ule ubongo pia, anabaki na fundo dogo la neva. Na huyu ni ndugu yetu wa karibu kuliko pweza!

Kwa nini autupe? Kwa sababu ubongo unakula sana jamani, wa kwetu ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nishati, sasa kama huendi popote wa nini?

Mwangalie pweza na chaza, wote ni moluska, yaani wanyama wa mwili laini usio na mifupa, ukoo mmoja. Chaza mkubwa hahami, anachuja chakula palepale, mafundo machache ya neva yanamtosha. Pweza hana gamba la kujifichia na lazima awinde kaa kwenye mapango ya miamba, na yeye ana seli za neva kama milioni 500, nyingi zikiwa kwenye mikono yake.