Kupiga picha Bukoba peke yako: angalia kwanza ukuta unatazama wapi

Sisi wapiga picha wa Mwanza jioni imetudekeza. Ukitaka picha ya haraka ya kumpa mteja unashuka zako kivukoni Kamanga kwenye saa kumi na mbili, lile jabali la Jiwe la Bismarck liko palepale majini, jua linaingia upande wa pili wa ghuba, unabonyeza, umemaliza, unaenda kula sato. Sasa ukichukua hiyo akili ukapanda nayo meli kwenda Bukoba utarudi na picha za kawaida kabisa, kwa sababu Bukoba iko pwani ya magharibi ya ziwa, yani ziwa lote liko mashariki yake, jua linatokea majini asubuhi na jioni linajificha nyuma ya vilima kabla hata halijazama kikweli. Ule mwanga wa dhahabu wa jioni tunaoutegemea huku, kule chini mjini unakatika mapema.

Mimi kazi yangu kubwa ni majengo, harusi ni za kulipia kodi tu, na Bukoba ni mji ninaoupenda kwa majengo kuliko mji wowote wa kanda hii. Naenda peke yangu. Siyo kwamba nina kiburi, ila kumsubirisha mtu dakika arobaini ati wingu lipite kwenye ukuta wa duka ni kumtesa bure, na yeye atakutesa kwa kuuliza tunakula saa ngapi.

Usafiri rahisi kwa mpiga picha ni meli ya usiku. MV Victoria ilirudi majini 2020 baada ya ukarabati mkubwa, inaondoka Mwanza usiku na asubuhi uko kule, hujapoteza hata saa moja ya mwanga njiani. Kitu kimoja tu, usihangaike na tripodi (ile miguu mitatu ya kamera) humo ndani, injini inatetemesha sakafu na tripodi inabeba ule mtetemo wote mpaka kwenye kamera. Shika mkononi, pandisha ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga), mwili wako unameza mtetemo vizuri kuliko chuma. Na eneo la bandari omba ruhusa kabla hujatoa kamera, hilo halina mjadala, sawasawa na ofisi za serikali, na ukiwa na droni kibali kwanza.

Haya, tuje kwenye mwanga wenyewe maana ndipo watu wengi wanapofeli. Bukoba iko kama digrii 1 na theluthi tu kusini ya ikweta, kwa hiyo jua linapanda karibu wima. Ule mwanga laini wa asubuhi tunaousikia kwenye video za Wazungu ati una saa nzima, kwetu ni dakika ishirini na tano hivi tangu jua litoke, baada ya hapo linaanza kuwa kali. Halafu saa zetu zinafuata Afrika Mashariki nzima wakati Bukoba iko mbali magharibi, ndiyo maana jua kule linachelewa, kwa wastani kama nusu saa nyuma ya Dar. Kutegemea mwezi linachomoza kati ya saa 12 na nusu na saa 1 na dakika chache asubuhi. Na mchana vilevile, saa sita jua halijafika utosini bado, linafika karibu na saa saba. Hii kumbuka, nitairudia hapo chini.

La pili ni mwezi unaokwenda. Juni jua la mchana linakaa upande wa kaskazini, Desemba linahamia kusini, na Machi na Septemba linapita karibu kabisa juu ya kichwa. Maana yake ukuta unaotazama kusini mwezi wa sita hauguswi na jua siku nzima, unaweza kukaa mbele yake toka asubuhi mpaka magharibi na utabaki kivulini tu. Rudi Desemba, ukuta uleule unawaka. Kwa hiyo kabla sijafunga begi nafungua ramani kwenye simu, nanyoosha kidole kwenye mitaa, naandika pembeni lipi linatazama mashariki, lipi kaskazini, lipi halina bahati mwezi huu. Kazi ya nusu saa kitandani, na inaokoa safari nzima.

Sasa kuna lile somo kila mtu anafundishwa, usipige picha mchana. Kwa sura za watu sawa, macho yanakuwa mashimo. Ila kwa majengo ya zamani mimi naona ni uongo, tena uongo unaotunyima picha nzuri kuliko zote. Ukuta unaotazama mashariki, kwenye ile saa moja ya mwisho kabla ya saa saba, jua linakuwa linateleza kutoka juu kwenda chini karibu sambamba na ukuta wenyewe. Hapo kila kitu chenye unene hata wa sentimita moja kinatupa kivuli: maua ya plasta, majina yaliyochongwa juu ya maduka ya zamani ya Wahindi, mikanda ya saruji, nyufa. Asubuhi ukuta huohuo unapigwa usoni, unaonekana bapa kama karatasi. Subiri mchana na utasoma maandishi ambayo wenye mji wenyewe wanapita chini yake kila siku hawayaoni. Baada ya saa saba kivuli kinafunika, basi, kale ndizi.

Nyufa nazitaja makusudi. Septemba 10, 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Kagera, watu 17 hawakupona kwa hesabu za mwanzo, majengo mengi sana yalibomoka, hata shule kongwe za Ihungo na Nyakato zilibidi zifungwe. Nyumba za zamani zilizobaki nyingi ni tofali na udongo, zimepigwa viraka, na mwenye nyumba akipata hela anaangusha anajenga ghorofa la vioo, simlaumu, paa linavuja kwake siyo kwangu. Ila ndiyo sababu mimi picha za Bukoba nazipiga kama rekodi kwanza, uzuri baadaye: jengo zima kutoka mbele, pembe zote mbili, halafu ndiyo vipande vipande, mlango, komeo, dirisha.

Na kupiga jengo zima, tafadhali, usisimame chini ya ukuta ukainua kamera juu. Jengo linaonekana linaanguka kwa nyuma. Vuka barabara, rudi nyuma mpaka ushindwe, washa mistari ya gridi, kamera iwe sawa kabisa na upeo, kama paa halijaingia tafuta ngazi au baraza la ghorofa ya jirani. Kwa wenye simu, acheni ile lensi pana, sogea mbali utumie ile ya kati, mistari ya ukuta itanyooka yenyewe. Mimi natembea na lensi moja ya milimita 35 mjini na nyingine ndefu kidogo kwa mapambo ya juu, apacha (tundu la lensi) f/8, basi.

Ukishafika utaambiwa kila jengo kuukuu ni la Mjerumani. Chunga hapo. Kituo cha Wajerumani kilianzishwa 1890 na Emin Pasha, daktari aliyezaliwa Eduard Schnitzer akaja kuwa gavana wa jimbo la Ikwatoria, Sudan Kusini ya leo, chini ya Misri kabla ya kuingia kazi ya Mjerumani. Lakini Juni 1915 Waingereza walikuja kwa meli kutokea Kisumu, wakapigana siku mbili, wakabomoa ngome na kituo cha simu ya upepo, na mji ukaporwa. Katika wale askari alikuwemo Frederick Selous, mwindaji wa miaka 63, ndiye huyohuyo ambaye pori la akiba la Selous lilipewa jina lake. Kwa hiyo cha Mjerumani kilichosimama ni kichache, kama Duka Kubwa kule karibu na ziwa, na mengi mengine yenye varanda na nguzo ni ya wafanyabiashara waliokuja na kukaa. Kwangu hayo ya pili ndiyo matamu zaidi kwa kamera, yana majina na rangi zilizobanduka tabaka kwa tabaka, ila ukiandika maelezo ya picha usimpe Mjerumani sifa isiyo yake.

Kanisa kuu nalo lipitie, alipolazwa Kadinali Laurean Rugambwa, kadinali wa kwanza Mwafrika wa zama hizi, aliteuliwa 1960. Jengo ni la kisasa, refu, lina mistari mikali, na hapo ndipo wingu linakuwa rafiki. Wingu Bukoba ni la kumwaga, mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka wakati sisi Mwanza tuna nusu yake hivi. Usinune. Anga jeupe linalainisha ile tofauti kubwa ya varanda yenye giza na barabara inayong'aa, na mvua ikikatika bati na lami vinakuwa vioo. Beba kitambaa kikavu na mfuko wa plastiki, na ukitoka chumba chenye AC acha kamera ipoe, namaanisha izoee joto, ikiwa bado ndani ya begi, la sivyo lensi inatoa jasho.

Watu sasa. Mtu akikuona unapima nyumba yake kwa jicho anawaza mambo ya ardhi. Mzee mmoja alikuwa amekaa barazani kwake, nikamsalimu shikamoo, akaitikia marahaba, halafu moja kwa moja, "Mwanangu, mmetumwa na manispaa? Mnabomoa lini?" Nikakaa nikamwonyesha picha kwenye kioo cha kamera, nikamweleza za nini. Tukaongea weee, mwishowe akanifungulia uani nikapiga nguzo za nyuma ambazo kutoka barabarani huzioni kabisa. Salimia kwanza, kamera iwe imening'inia isiwe usoni, na ukiahidi kumtumia mtu picha itume, wenzako watapita palepale.

Kurudi unaweza kupanda basi la asubuhi, Muleba, Chato, Geita, mpaka Busisi, na tangu Juni 2025 hakuna tena foleni ya kivuko, unapita juu ya Daraja la Magufuli, kilomita 3 na ushee. Kaa dirisha la kushoto, upande ambao ghuba inafunguka kuelekea kaskazini. Alasiri jua linakuwa nyuma ya basi, hivyo maji yanatoka na rangi yake. Gusisha lensi kidogo kwenye kioo kuua mng'ao, kasi ya shata isiwe chini ya 1/1000 ya sekunde, na betri moja iache na chaji kwa ajili ya hapo.