Bajeti ya Uganda iliruka karibu trilioni 20, mbona uchumi haukuruka nayo?

Bajeti ya Uganda ya mwaka 2023/24 ilikuwa shilingi trilioni 52.7. Iliyofuata, ya 2024/25, ikapitishwa ikiwa trilioni 72.1. Hilo ni ongezeko la zaidi ya theluthi moja kwa mwaka mmoja. Uchumi wenyewe ulikua kwa takriban asilimia 6, mwendo ule ule uliozoeleka.

Liweke suala hili kwenye stendi ya bodaboda pale Busia, au kwenye kibanda cha chai Arua, na utapata majibu mawili kabla chai haijapoa. La kwanza: pesa zimeliwa. La pili: vuteni subira, pesa za serikali huzaa, mtaona. Wanaosema hivi hawawezi kukaa meza moja, lakini wote wanaamini kitu kimoja, kwamba ukubwa wa fungu ndio unaoamua. Fungu likiwa kubwa na lisiibwe, uchumi utakua. Imani hiyo ina kasoro kadhaa, na wizi ni moja tu kati yake.

Kasoro ya kwanza ni rahisi. Bajeti ni jumla ya kila kitu ambacho serikali itakitoa mkononi, pamoja na madeni ya zamani yanayolipwa kwa kukopa upya. Sehemu kubwa ya ongezeko la 2024/25 ilikuwa ya namna hiyo: hati za mkopo za serikali zilizofika siku ya kulipwa zikilipwa kwa kuuza hati nyingine, pamoja na deni la serikali kwa Benki Kuu. Trilioni zinapita kwenye vitabu, zinarudi zilikotoka, na hakuna fundi hata mmoja aliyebeba tofali kwa sababu yake.

Kasoro ya pili ndiyo yenye utamu. Wachumi wana kitu wanachokiita kizidishi: shilingi moja ikitumiwa na serikali, mapato ya nchi yanaongezeka kwa shilingi ngapi? Hesabu yake ilichorwa na Richard Kahn mwaka 1931, kisha John Maynard Keynes akaipa umaarufu mwaka 1936, wakati Uingereza na Marekani zilikuwa na viwanda vilivyofungwa na mafundi waliokaa nyumbani. Wengi wakilisikia neno kizidishi hudhani ni namba ya kudumu, ambayo nchi inayo kama ilivyo na eneo lake. Namba hiyo hubadilika kutoka mradi hadi mradi ndani ya nchi moja, na hata ndani ya mradi mmoja kutoka risiti hadi risiti.

Anayetaka kuona kwa nini aende Doho, wilayani Butaleja, kwenye mashamba ya mpunga yanayonyweshwa na mto Manafwa. Maji huchepushwa mtoni, yanashika mfereji mkuu, yanagawanywa kwenye mifereji midogo, kisha yanaingia kwenye majaruba. Mtu anayesimama pale maji yanapoingilia anaweza kuhesabu kiasi kilichopita na bado asijue mpunga kiasi gani utavunwa. Maji yaleyale yanaweza kunywesha jaruba moja na kutokomea kwenye mfereji wa kutolea, yakarudi mtoni. Yanaweza pia kushuka jaruba hadi jaruba, kila moja likinywa na kuliachia la chini yake. Kinachotofautisha ni matuta: wapi yamezibwa vizuri na wapi yana tundu.

Kila jaruba ni mkono wa mtu aliyepokea pesa na kuitumia. Matundu yanayopeleka maji nje ni matatu: kodi, akiba, na bidhaa kutoka ng'ambo. Hesabu yake haihitaji kompyuta. Kila anayepokea 1,000 akitumia 600 kwa mtu wa humu nchini, tunapata 1,000, kisha 600, kisha 360, kisha 216, na kuendelea hadi jumla inakaribia 2,500. Akitumia 200 tu kwa mtu wa humu, tunapata 1,000, 200, 40, 8, na jumla inaishia 1,250. Kiasi kilichotoka serikalini ni kimoja, lakini jumla ya kwanza ni mara mbili ya ya pili.

Mkulima wa Doho atakukumbusha jambo moja zaidi: jaruba likishajaa, maji ya ziada hayaongezi mpunga, yanaufurika. Kwenye uchumi mafuriko hayo ni bei. Parishi nzima, yaani eneo la utawala lenye vijiji kadhaa, ikitafuta mbuzi wiki moja, na mbuzi wa karibu ni walewale, kitakachoongezeka kwanza ni bei ya mbuzi. Keynes aliandikia nchi zenye majaruba matupu. Uganda ina mchanganyiko wa kutatanisha: vijana wengi wasio na kazi, lakini pia mashine, barabara na mitaji michache ya kuwatia kazini.

Sasa tuangalie pesa zenyewe. Mpango wa Maendeleo ya Parishi, ambao watu wanauita PDM, ulizinduliwa Kibuku Februari 2022. Kila parishi hupangiwa shilingi milioni 100 kwa mwaka, na kaya hukopa hadi milioni moja kupitia SACCO ya parishi kwa riba ya asilimia 6. Tuseme mama mmoja ameichukua milioni yake na kuamua kufuga kuku. Banda analijengewa na seremala jirani, kwa mbao za mikalitusi ya hapo hapo. Seremala analipa ada ya mtoto na kununua unga wa posho, na mwenye mashine ya kusaga anamlipa kijana wake. Hapo pesa zimepita mikono minne bila kuvuka mto. Chakula cha kuku ni mahindi na mukene, yaani dagaa, wa Ziwa Victoria, nacho kinabaki ndani kwa sehemu kubwa. Lakini wavu wa waya umetoka Kikuubo, Kampala. Mwenye duka alibakiza faida yake ndogo, na iliyobaki ikaenda kwa mwagizaji, kisha kiwandani Asia. Chanjo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo milioni moja hiyo haina kizidishi kimoja: banda lina chake, wavu una chake.

Bwawa la umeme la Karuma lipo upande wa pili kabisa. Ni megawati 600, kwa gharama ya takriban dola bilioni 1.7, nyingi zikiwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, na mjenzi akiwa Sinohydro, kampuni ya China pia. Saruji, mchanga, kokoto, chakula cha wafanyakazi na mishahara ya vibarua viliacha pesa Uganda. Mitambo na mishahara ya wahandisi haikuacha. Ukipima bwawa kwa pesa zilizozunguka wakati wa ujenzi, litaonekana kama hasara. Lakini bwawa halijengwi kwa ajili ya mzunguko huo. Linajengwa kwa ajili ya umeme, na faida yake inasubiri nyaya na viwanda vya kuutumia. Karuma ilipozinduliwa Septemba 2024, uwezo wa nchi kuzalisha umeme ulivuka megawati 2,000, ilhali mahitaji ya saa za kilele yalikuwa karibu nusu ya hapo. Anayebishana na mwenzake kuhusu Karuma aulize kwanza wanabishana juu ya nini: miaka ya saruji, au miaka ya umeme?

Turudi kwa wizi, maana una sehemu isiyopendeza kusikika. Kwa hesabu ya kizidishi peke yake, bilioni iliyoibwa na kujenga ghorofa Kira inapita kwa waashi, wauza mchanga na mama lishe, pengine mikono mingi kuliko bilioni halali iliyonunua magari kutoka Japani. Hesabu haijui maadili. Hasara ya wizi haipo kwenye mzunguko, ipo kwenye barabara ambayo haikujengwa na zahanati isiyo na dawa. Iliyohamishiwa akaunti ya Dubai, hiyo imepoteza pande zote mbili.

Kuna tundu jingine ambalo mabishano mengi hulipita: pesa zimetoka wapi. Serikali ikikopa ndani, hukopa kwenye benki zilezile ambazo mfanyabiashara wa Lira au Mbarara anazikimbilia. Hati za serikali za muda mrefu zimekuwa zikilipa asilimia 15 na zaidi. Meneja wa benki akiwa na mteja huyo asiyefilisika, ana sababu gani ya kusumbuka na mwenye mashine ya kukoboa kahawa? Jaruba moja limepewa maji yaliyochepushwa kutoka jaruba lingine.

Ushahidi tunaoweza kuushika uko vipi? Utafiti maarufu zaidi Afrika Mashariki ulifanyika Siaya, Kenya, ambako kaya zaidi ya 10,000 zilipewa takriban dola 1,000 kila moja. Kizidishi kilikadiriwa karibu 2.5, na bei za bidhaa hazikupanda hata kwa asilimia moja. Ni namba ya kuvutia, ila pesa zile zilitoka kwa wafadhili wa nje, na hakuna Mkenya aliyetozwa kodi wala kunyimwa mkopo ili zipatikane. Kuichukua namba hiyo na kuibandika kwenye PDM ni kuruka hatua.

Wa hapa kwetu ni wa kaskazini mwa Uganda. Vikundi vya vijana vilipewa ruzuku mwaka 2008, wastani wa dola 382 kwa mtu, wajifunze ufundi na kununua vifaa. Baada ya miaka minne mapato yao yalikuwa juu kwa asilimia 38 kuliko ya wenzao waliokosa. Baada ya miaka tisa pengo la mapato lilikuwa limezibika: waliokosa walikuwa wamewafikia, ingawa waliopewa walibaki na mali zaidi. Unaweza kusema mpango ulifeli, au kwamba uliwapa miaka kadhaa ya maisha bora mapema. Takwimu zinaruhusu usomaji wote wawili.

Limebaki jambo dogo la uhasibu lenye madhara makubwa. Matumizi yakipitishwa si lazima yawe yamelipwa. Malimbikizo ya madeni ya ndani ya serikali, ya wakandarasi na wauzaji yakiwemo, yamevuka shilingi trilioni 10. Aliyepeleka madawati shuleni na hajalipwa amekwisha kulipa mbao na maseremala, mara nyingi kwa mkopo wa benki wenye riba ya karibu asilimia 20. Kwenye bajeti yake yeye, serikali ndiyo iliyokopeshwa, tena bila riba.