Confucius si mkali kiasi hicho, na Watao si wavivu

Dhana potofu: "Kutotenda" kwa Watao, wafuasi wa falsafa ya kale ya Kichina iitwayo Utao, ni kujilaza na kuacha mambo yajiendee.

Neno lenyewe ni *wu wei*, na linaponza wengi. Katika kitabu cha Zhuangzi, mwanafalsafa wa Kitao, kuna mpishi aitwaye Ding anayempasulia mtawala wake ng'ombe. Mpishi wa kawaida, anasema, hubadili kisu kila mwezi kwa sababu anakatakata ovyo. Aliye hodari kidogo, kila mwaka. Chake kina miaka 19, kimeshapita kwenye maelfu ya ng'ombe, na makali bado ni kama kimetoka kwenye jiwe la kunolea sasa hivi, maana kinapenya kwenye nafasi za maungio wala hakigusi mfupa. Akifika penye fundo gumu anapunguza mwendo, anakaza macho, anasogeza kisu kidogo kidogo, mara nyama inadondoka kama bonge la udongo. Mvivu hawezi hayo. Ding mwenyewe alihitaji miaka mitatu kabla ya kuacha kumwona ng'ombe kama dude zima lililomkalia mbele.

Dhana potofu: Kwa Confucius, mwalimu wa kale wa China, mkubwa akisema imekwisha.

Lunyu, mkusanyo wa maneno yake uliokamilishwa na wafuasi baada ya kifo chake mwaka 479 KK, unasema mzazi akikosea aambiwe, ila kwa upole. Kuhusu mtawala ushauri ni mkali zaidi: usimdanganye, lakini mpinge usoni.

Na alijua kustarehe. Siku moja aliwauliza wanafunzi wanne wangefanya nini kama uwezo wao ungetambulika. Watatu wakataja utawala na ibada. Wa nne, Zeng Dian, akaweka kinanda chake chini: yeye angependa mwisho wa majira ya kuchipua, nguo za msimu, aende na wenzake na watoto kuoga mto Yi, wapunge upepo, warudi wakiimba. Mwalimu akashusha pumzi, akasema yuko na Dian.

Dhana potofu: Ni kambi mbili, uchague moja.

*Wu wei* imo hata kwenye Lunyu, katika sifa za Shun, mfalme wa kale wa China. Mwaka 1993, huko Guodian mkoani Hubei, kaburi la karibu mwaka 300 KK lilitoa vipande vya mianzi vyenye maneno ya Laozi, mwalimu wa Watao, pamoja na maandishi ya Kikonfusio. Ule mstari wa Daodejing, kitabu cha Laozi, tuliouzoea, unaotaka utu na uadilifu vitupwe, kwenye mianzi ile haupo kwa maneno hayo. Kwangu mimi, ugomvi ulikolezwa baadaye.

Si kwamba hawakutofautiana. Tazama msibani. Confucius alishikilia miaka mitatu ya kumwombolezea mzazi, kwa kuwa mtoto hubebwa miaka mitatu kabla ya kutoka mikononi. Zhuangzi alifiwa na mkewe, rafiki yake Huizi akamkuta amekaa chini akipiga chungu kama ngoma na kuimba. Alipokemewa alijibu kwamba mke wake alipofariki, mwanzoni naye aliumia kama mtu yeyote.