Mawasiliano ya mfuatano na jinsi ya kuzisoma dalili za hitilafu zake

Mawasiliano ya mfuatano ni utaratibu wa kupitisha data biti (tarakimu ya 0 au 1) moja baada ya nyingine katika waya mmoja. Kwenye kompyuta ya bodi moja kama Raspberry Pi hutumika kuunganisha vifaa vidogo, kwa mfano kipokezi cha GPS ambacho fundi wa Tanga hukifunga kwenye boti ya uvuvi. Sifa kubwa ya aina inayozungumziwa hapa, iitwayo UART, ni kwamba haina waya wa saa, yaani waya wa kulinganisha muda wa kila biti: mtumaji na mpokeaji hutegemea kila mmoja saa yake, na sharti wote wawili wawe wamewekewa kasi ileile kabla data haijaanza kupita. Hitilafu nyingi huzaliwa hapo, na fundi anayejua kutofautisha ukimya na vurugu ya herufi huwa amekwisha fika nusu ya kazi.

Herufi zikija zimevurugika, yaelekea waya ni nzima na kosa liko kwenye kasi. Vipokezi vingi vya GPS hutuma kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, ambapo biti moja hudumu takriban mikrosekunde 104, ilhali konsoli ya Raspberry Pi, yaani njia ambayo mfumo hutolea ujumbe na kupokelea amri, hutumia 115200, ambapo biti hudumu chini ya mikrosekunde 9. Mpokeaji huanza kuhesabu anapoiona biti ya kuanzia, kisha husoma katikati ya kila biti. Na kwa kuwa fremu ya kawaida, yaani fungu la biti linalobeba herufi moja, ina biti 10, tofauti ya saa ya kiasi cha asilimia 5 inatosha kumfanya asome biti ya jirani. Raspberry Pi 3 ina mtego wake hapa, kwani poti yake kamili ya mfuatano (sehemu ya bodi inayotuma na kupokea biti) imekabidhiwa Bluetooth, na pini zikaachiwa poti ndogo ambayo kasi yake huyumba kila saa ya ndani ya prosesa inapobadilika. Mstari enable_uart=1 katika faili la mipangilio la config.txt huituliza saa hiyo.

Ukimya ni jambo jingine. Pini ya TX (ya kutuma) ya kifaa kimoja huunganishwa na RX (ya kupokea) ya kingine, si TX kwa TX, na GND (pini za ardhi) za pande zote mbili lazima ziungane. Kwenye Raspberry Pi, pini ya 8 hutuma, ya 10 hupokea, na ya 6 ni GND. Katika mji wa pwani kama Tanga, pini zilizoshika kutu ya chumvi nazo zastahili kushukiwa mapema. Njia ya hakika ya kuigawa shida ni kukitoa kifaa cha nje, kuunganisha pini ya 8 na ya 10 kwa waya mfupi, kisha kuandika chochote kwenye programu ya terminali: maandishi yakirudi, bodi ni nzima na lawama ni ya waya au kifaa. Mimi ningeanza na jaribio hili kabla ya kugusa mpangilio wowote. Tahadhari, hata hivyo: pini hizo ni za volti 3.3, na kifaa kinachotuma kwa volti 5 kinaweza kuziunguza.

Wakati mwingine poti ina mwenyewe tayari. Linux, mfumo endeshi wa bodi, huweza kuitumia kama konsoli, ikatuma ujumbe wake na kula herufi za kifaa. Konsoli hiyo huzimwa kupitia raspi-config, programu ya mipangilio ya Raspberry Pi. Na programu ikikataliwa ruhusa, mtumiaji huongezwa kwenye dialout, kundi la watumiaji wenye ruhusa ya kutumia poti hiyo.

Mawasiliano yakiwa sawa, GPS iliyoko Tanga hutoa mistari inayoanza na alama ya $, yenye latitudo inayoanza na 05 ikifuatiwa na S, na longitudo inayoanza na 039 ikifuatiwa na E. Mistari ikisomeka vizuri lakini nafasi hizo zikawa tupu, hakuna tena hitilafu ya mawasiliano: antena haioni setilaiti za kutosha, na pengine imefungwa chini ya bati.