Maisha ya mahandakini, 1914–1918: yanayosemwa na yaliyokuwako

Ukitaja mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza, wengi humwona askari aliyezama topeni, akingoja filimbi ya kushambulia, siku nenda siku rudi kwa miaka minne. Tope lilikuwepo. Kinachosahaulika ni kazi: handaki lilitaka kutunzwa kila siku, na utunzaji huo ulikula saa nyingi kuliko mapigano. Hapa tunaliangalia jeshi la Waingereza huko Ufaransa na Ubelgiji, ambako mstari wa mahandaki ulifika takriban kilomita 700, kutoka Bahari ya Kaskazini hadi mpaka wa Uswisi.

"Askari alikaa mstari wa mbele mpaka afe au vita viishe."

Walikwenda kwa zamu. Kwa kawaida kikosi kilishika mstari wa mbele siku 4 hadi 8, kikarudi handaki la pili, kisha la akiba, kisha vijijini nyuma. Watu walipopungua au shambulio kubwa lilipoanza, zamu ilirefuka. Hata huko nyuma mapumziko hayakuwa kamili, maana usiku waliitwa kubeba magunia, mbao na seng'enge kupeleka mbele. Ila ndiko walikooga, wakacheza mpira na kulala bila buti.

"Handaki ni mtaro ulionyooka."

Ukichimba mtaro ulionyooka, umewachimbia wenzako kaburi. Kila baada ya mita 9 hivi handaki lilizunguka bonge la udongo lililoachwa makusudi. Kombora likitua ndani, mshindo na vipande viliishia konani. Adui akiingia upande mmoja, hakuweza kuufyeka mstari mzima kwa bunduki moja. Kina kilikuwa mita 2 au zaidi, kwa hiyo ukutani palichongwa ngazi ya kama nusu mita ya kupandia wakati wa kulinda au kupiga risasi. Kuta zilishikiliwa na magunia ya mchanga, fito zilizosukwa au mabati. Zikiachwa wazi, mvua iliziporomosha. Chini palipita mfereji, na juu yake vikalazwa vichaga vya mbao. Karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, maji ya ardhini yalikuwa juu mno, hivyo badala ya kuchimba kwenda chini walijenga kuta za magunia kwenda juu.

"Mchana ndio ulikuwa wakati wa kazi."

Ulikuwa usiku. Kabla ya alfajiri wote walisimama tayari, singe zimefungwa, kwa muda wa saa moja hivi, kwa sababu mapambazuko ndiyo saa ya kushambuliwa. Kisha tone la ramu, kusafisha bunduki, kifungua kinywa. Mchana walinzi wachache walitazama kwa periskopu, bomba la vioo la kuchungulia juu ya ukuta, huku wengine wakilala, wakitengeneza ukuta au wakiandika barua. Giza likiingia tena ndipo chakula kiliposogezwa mbele, seng'enge ikakazwa na doria zikatoka.

"Miguu iliharibika kwa barafu."

Hili linafaa kueleweka vizuri, kwa kuwa lilizuilika. Miguu ya askari ilioza hata pasipo barafu. Ukisimama saa nyingi kwenye maji baridi, buti likibana na vitambaa vya kufungia miguu vikibana pia, mishipa hujifinya, damu haifiki vidoleni, mguu unakufa ganzi, unavimba, mwisho unaingia donda ndugu. Majira ya baridi ya 1914–15 Waingereza zaidi ya 20,000 waliugua hivyo.

Dawa yake ilikuwa utaratibu. Angalau mara moja kwa siku askari alivua buti, akakausha miguu hadi katikati ya vidole, akaisugua kwa mafuta ya nyangumi, akavaa soksi kavu. Waliwekwa wawili wawili, kila mmoja akiangalia miguu ya mwenzake, na ofisa akaikagua. Palipoharibika ni pale mtu alipopaka mafuta kisha akarudia soksi zilezile mbichi, au alipoweka mguu uliokufa ganzi karibu na moto: hasikii joto, na nyama inaungua.

"Chawa waliwapata wachafu tu."

Waliwapata maofisa pia. Mayai hukaa kwenye mishono ya nguo, mahali ambapo kufua kwa haraka hakufiki. Jioni askari alivua shati, akaligeuza nje, akapitisha mwali wa mshumaa mshononi polepole mpaka asikie mayai yakipasuka. Akikawia kidogo, shati linaungua. Mayai yaliyosalia yalianguliwa kwa joto la mwili wake mwenyewe. Mwaka 1918 ilithibitika kwamba chawa hao ndio walioeneza homa ya mahandaki: kinyesi chao hupenya ngozi mtu anapojikuna.

"Walikufa njaa."

Waingereza kwa kawaida walikula: nyama ya kopo, biskuti ngumu, jemu, chai. Lawama yao ilikuwa chakula kufika kimepoa, kilekile kila siku, na maji yaliyobebwa kwenye madebe ya petroli kuwa na ladha ya petroli hata ndani ya chai.

"Vase za maua zilizotengenezwa kwa maganda matupu ya mizinga zilichongwa mstari wa mbele."

Nyingi zilitengenezwa nyuma, kwenye karakana za wahandisi, na mateka, au na raia waliowauzia askari. Mbele, nyundo ingemwambia adui ulipo. Ganda la mzinga wa ratili 18 (uzito wa kombora lake) lilijazwa lami iliyoyeyushwa ili shaba isibonyee ovyo, mchoro ukachorwa juu yake, kisha ukagongwa nukta kwa nukta kwa tindo butu. Mwishoni lilipashwa moto na lami ikamwagwa. Mstari wa mbele wenyewe ulikuwa wa sigara, karata, barua na usingizi.

"Afrika Mashariki nako walikaa mahandakini miaka minne."

Hapana. Huku vita vilikuwa vya kutembea, na mzigo wake waliubeba wapagazi. Jina Kariakoo limetokana na kikosi chao, Carrier Corps. Lakini mahandaki yalikuwepo. Tarehe 12 Februari 1916, kwenye kilima cha Salaita karibu na Taveta, mizinga ya Waingereza ilipiga mahandaki yaliyoonekana kileleni. Yalikuwa matupu. Askari wa Wajerumani walikuwa kwenye mahandaki yaliyofichwa chini ya kilima, wakiwangoja.